Boriti za Babu, Basketi za Wajukuu

Toleo lililopita niliandika vimistari viwili vitatu tu kuhusu Old Boma, lile jengo jeupe la Dar pale Sokoine Drive karibu na boti za Zanzibar, alafu nikamalizia na kaswali: wewe unayekaa mjini kati, watoto wako wanacheza wapi? Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka za Muscat. Wengine wananitukana, wengine wananiita mzee wa chokaa, poa tu, nimeitwa vibaya zaidi ya hapo nikiwa kazini. Kwa wageni wa safu hii ya majengo ya zamani na michezo, mimi nilikuwa mkadiriaji, yani yule jamaa anayekuja saiti na kalamu na kumwambia bosi hela haitoshi. Haya twende.

Shikamoo anko. Nakaa Kisutu kwenye nyumba za Msajili, nimezaliwa hapahapa na wanangu watatu wamezaliwa hapahapa. Jirani yetu kuna nyumba ya gorofa moja ina roshani ya mbao na juu ukutani wameandika jina na mwaka, sasa tunasikia inavunjwa lisimamishwe ligorofa refu. Je tunaweza kuzuia kwa kuwa ni ya kihistoria? Na wanangu wanacheza mpira kwenye ngazi, majirani wamechoka na mimi nimechoka. (Mama wa watatu, Kisutu)

Marahaba mwanangu. Swali lako ni mawili na ntaanza na lile gumu.

Watu wengi wanadhani jengo likizeeka sana linalindwa lenyewe, kama mtu akifika 60 anapata kiinua mgongo. Sio hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu, Seyyid Majid mwenyewe, Sultani wa Zanzibar, ndio alianza kuujenga mji huu miaka hiyohiyo ya 1860, na Old Boma ambalo ni miongoni mwa makongwe kabisa lilijengwa 1866 mpaka 1867. Yani kikongwe chetu kimekosa kinga hiyo kwa miaka mitatu minne tu! Nyumba yenu ya jina na mwaka ukutani, ambayo bila shaka ni ya enzi za Mwingereza, ndio kabisaa. Kwahiyo Dar jengo linalindwa pale serikali inapotangaza kwamba hili ni la kulindwa, na lilitoka tangazo mwaka 1995 likaorodhesha mitaa na majengo kadhaa ya katikati ya mji. Kazi yako ya kwanza basi ni kujua hilo la jirani limo au halimo. Usianze na mabango, anza na Idara ya Mambo ya Kale. Alafu pita pale Old Boma kwenyewe, kuna kituo kinaitwa DARCH kilichofunguliwa 2017, kinahusika na urithi wa majengo ya jiji hili, kina maonyesho na kuna watu wanaojua mtaa kwa mtaa.

La pili, jua mwenye nyumba ni nani. Hapo ndipo historia inapokuja kukaa kwenye kochi lako. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za Wahindi wa mjini kati, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ndio maana mpaka leo unasema nakaa nyumba za Msajili wakati Msajili mwenyewe aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Mzee wangu mmoja wa pale India Street alikuwa anasema nyumba yake ina baba watatu na hakuna anayeilipia ada. Kodi zilikuwa za chini miaka na miaka, mpangaji akitaka kuhama anamwachia mwenzake kwa kilemba, yani hela ya kuachiwa nyumba, na huyo aliyetoa kilemba anapaka rangi sebule yake vizuri sana lakini paa sio lake, bomba la maji machafu sio lake, roshani sio yake. Sasa jengo linaoza kutoka juu na kutoka nyuma huku sebule zinameremeta. Alafu siku moja anakuja mtu na faili anasema jengo limechoka, livunjwe. Na mara nyingi anasema kweli! Ila limechoshwa, halikuchoka lenyewe.

Kama nyumba ya jirani ni ya mtu binafsi na haimo kwenye orodha, mtakuwa na kazi ngumu, siwadanganyi. Kama ni ya umma mna sauti zaidi manake nyinyi ni wapangaji wa mwenye mali huyohuyo. Andikeni barua moja yenye sahihi nyingi, sio barua kumi zenye sahihi moja moja, ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa iende Halmashauri ya Jiji (ndio ileile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021), na msiombe tu lisivunjwe. Ombeni kitu ambacho mtu anaweza kukubali: ubakie uso wa mbele na vyumba vya mbele na roshani yake, gorofa lipande nyuma. Inafanyika kwingi duniani na mwenye hela anapata maduka yenye sura.

Na hata kama mmeshindwa kabisa na linavunjwa, kuna jambo moja msilale nalo. Kibao. Saiti yoyote inatakiwa iwe na kibao kinachoonyesha mwenye mradi, mbunifu, mhandisi na mkandarasi. Hakuna kibao, nendeni mkaulize kesho yake asubuhi, manake wanapochimba msingi mrefu ubavuni mwa jengo la zamani lenye msingi wa mawe, ukuta wenu ndio unaokaa hewani. Tarehe 29 Machi 2013 gorofa la ghorofa 16 lilikuwa linajengwa hapohapo mtaa wa Indira Gandhi likaanguka, watu 36 wakafa, na siku ile kulikuwa na watoto wanacheza mpira kwenye kakiwanja cha jirani. Novemba 2024 Kariakoo tena. Kwahiyo ukiniuliza kama mambo ya majengo na mambo ya watoto kucheza yanahusiana, jibu ndio hilo na sitaki kuliongezea.

Kuhusu ngazi: angalieni uwani. Nyumba nyingi za Msajili zina ua nyuma ambao sasa una matenki, majenereta, na magari matatu yasiyotembea. Nusu kiwanja cha basketi ni mita 14 kwa 15 tu. Voliboli mita 18 kwa 9. Pimeni kwanza, nendeni na futi ya fundi sio kwa macho, alafu ndio mgombane na mwenye gari bovu.

Anko mambo. Sisi ni madogo tunacheza basketi, kuna godauni la zamani maeneo ya Gerezani limekaa tupu, mabati yametoboka, tukawaza kwanini lisigeuzwe uwanja wa ndani? Mvua ikinyesha hatufanyi mazoezi. Inawezekana au tunaota? (Pointi gadi, Ilala)

Poa sana mdogo wangu. Mnaota vizuri kuliko wakubwa zenu.

Magodauni ndio majengo ya zamani yanayokubali michezo kuliko yote manake yalijengwa kwa ajili ya nafasi. Lakini chukua vipimo: uwanja wa basketi ni mita 28 kwa 15, ongeza mita 2 kila upande mtu asigonge ukuta, unahitaji ndani mita 32 kwa 19 bila nguzo. Hilo neno bila nguzo ndio linaua ndoto nyingi. Godauni likiwa na safu ya nguzo katikati hamna basketi, labda mgawe, upande huu meza za tenisi, upande ule ngumi, pale karate. Juu pia, kwa mechi za maana wanataka mita 7 wazi mpaka kizuizi cha kwanza, sasa chuma za paa nyingi zinaanzia chini ya hapo. Kwa mazoezi ya mtaani mtavumilia, ila msije mkaahidi mtu kwamba mtaleta ligi.

Kitu kingine, na hiki nasema kwa sauti: paa la zamani lenye yale mabati ya kijivu mazito yanayovunjika kama kigae, hayo ni asibesto, vumbi lake ni sumu kwa mapafu. MSIPANDE, msivunje, msifagie vumbi lake. Likitobolewa na mvua liache, waje wanaojua kuliondoa. Nishaona vijana wamekalia vipande vyake wanakula mihogo.

Umeme na milango pia. Godauni lina mlango mmoja mkubwa kwa ajili ya lori, sasa nyinyi mkiwa humo 200 na mashabiki na moto ukatokea kwenye spika... Mlango wa pili na wa tatu ni lazima, na hiyo ndio gharama ya kwanza kuandika, kabla ya ringi. Alafu sheria ya mipango miji ya 2007, ukibadili matumizi, kutoka ghala kwenda ukumbi wa watu, unahitaji kibali cha mamlaka ya mipango. Kamtafuteni mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi awachoree kama kazi yake ya mwisho. Wanahangaika kutafuta mradi wa kweli wale, kila mwaka wanachora viwanja vya ndege.

Wewe mzee unatupotezea muda. Hayo majengo ni ya Mjerumani na Mwarabu na Mwingereza, walitutesa humo humo. Vunja yote jenga viwanja vya mpira vijana wacheze. Nani analia? (hakuandika jina, kaandika tu "Mzalendo")

Hili nalipenda kuliko yote na wala sijakasirika.

Tuanzie unapopataka wewe, kwenye viwanja. Unajua ule uwazi wa Mnazi Mmoja na Kidongo Chekundu umetoka wapi? Ukiutazama kwenye ramani unaona ni kama mtu kachukua wembe akaukata mji: huku Uhindini, huku Kariakoo. Na kweli ulikatwa. Mjerumani aliuchora mji kwa kanda, Wazungu kule baharini, Wahindi katikati, Waafrika huku nyuma, na baadae miaka ya 1920 Mwingereza akalitimiza kwa kuacha kipande kizima wazi kati ya Kariakoo na mjini, eti kwa afya, mbu wasiruke kutoka kwetu kwenda kwao. Yani ule uwanja ulitengenezwa ili sisi tusisogee. Hakuna ukuta wala jengo la kikoloni Dar lenye maana mbaya kuliko ule uwazi. Sasa kwa hesabu yako ingetakiwa tuujaze saruji siku ya uhuru.

Ila angalia tumeufanyaje. Watu wamefanya mikutano pale, wamecheza ndondo pale, na mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu ukafunguliwa ule uwanja wa vijana wa JMK (Jakaya Mrisho Kikwete) wenye kapeti la nyasi bandia na viwanja vya basketi, kampuni ya umeme ya Symbion na timu ya Sunderland ya Uingereza wakiwa wamo. Leo mtoto wa Kariakoo na mtoto wa Upanga wanapigana vyenga kwenye kipande kilekile kilichowekwa ili wasikutane. Mimi kila nikipita pale nacheka mwenyewe. Hilo ndio kulipiza, bwana Mzalendo. Kuvunja mtu yeyote anaweza.

Na majengo hivyohivyo. Old Boma unasema la Sultani. Sawa, aliyelala humo ni wageni wa Sultani. Lakini aliyechonga yale matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyezama kwenye tope la mikoko kukata boriti na kuzibeba, huyo sio Sultani. Huyo ni babu yangu na labda babu yako. Mwaka 1979 kidogo livunjwe, likaokolewa. Mimi naogopa sana siku ambayo ushahidi pekee kwamba tulijua kujenga nyumba inayokaa baridi bila AC utakuwa kwenye picha za watalii.

Haya, kuna majengo sio mazuri, hayana kisa, hayana mtu, yamechoka, hayo vunja, sintokuja kulia. Hoteli ya kwanza ya Kaiserhof pale ilipo New Africa ilishaondoka na mji unaendelea. Sijasema kila ukuta ni mtakatifu. Nasema uliza kwanza.

Asalam aleikum. Niko Malindi, Unguja. Nyumba yetu ya mawe imepasuka ukuta wa upande wa mtaro, fundi kasema tuitwange plasta ya saruji nje na ndani itakaza. Mzee wetu hataki, anasema mtaiua nyumba. Nani mkweli? (Binti wa Malindi)

Waaleikum salaam. Mzee wenu ndio mkweli, mpikieni chai.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa unapumua. Maji yanaingia, maji yanatoka. Ukiubandika saruji umeufunga mdomo, maji yanabaki ndani, chumvi inakusanyika, jiwe linageuka unga taratibu nyuma ya plasta inayong'aa, na siku plasta inaanguka inaanguka na nusu ya ukuta. Pia saruji ni ngumu, ukuta ni laini, nyumba ikisogea kidogo (na zote zinasogea) kimoja kinamvunja mwenzake. Chokaa iliyolowekwa vizuri ndio plasta yenu.

Lakini kabla hata ya chokaa umesema upande wa mtaro. Hapo ndipo kwenye ugonjwa. Tafuteni maji yanatoka wapi: bomba la choo, mfereji wa paa, mtaro uliozibwa na jirani. Boriti haiozi katikati, inaoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, penye unyevu na giza, na huoni kitu mpaka sakafu inateremka. Gongeni kichwa cha kila boriti kwa nyundo ndogo, ile inayolia bubu ndio mgonjwa. Na msianze kazi bila Mamlaka ya Mji Mkongwe, ipo kwa ajili hiyo tangu 1985 na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000.

Kama mtu nyumbani anasema ah mnakuza mambo, mkumbusheni Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu la hapohapo Mji Mkongwe. Imejengwa 1883 na Seyyid Barghash, nguzo za chuma, umeme, lifti, jumba la fahari kuliko yote, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima ukaporomoka, matengenezo yakiwa yanaendelea, watu 2 wakafariki. Jumba la vile linakwenda, sembuse kinyumba cha Malindi.

Salaam kutoka Muscat. Marehemu babu yetu aliacha nyumba Mji Mkongwe, tuko warithi wengi, tumetawanyika huku na London na Dar. Baadhi yetu tungependa iwe ya vijana, klabu ya michezo, badala ya kuuza iwe hoteli. Tuanzie wapi? (Mjukuu)

Mungu amrehemu babu. Nia njema kabisa hiyo, ila mjukuu wangu umeandika neno moja la hatari: baadhi.

Anzieni kwenye mirathi. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe ziko vile zilivyo kwa sababu warithi 30 wako mabara matatu, hamna wa kuuza hamna wa kutengeneza hamna wa kutoa sahihi, mvua ndio inaamua kesi. Angalieni pia kama babu hakuiweka wakfu, manake nyumba za wakfu mle ni nyingi, na kama ni wakfu basi masharti yake yanakwenda kwa Kamisheni ya Wakfu sio kwenye grupu lenu la WhatsApp. Mkishakuwa na karatasi moja yenye jina la mtu mmoja wa kusimamia, rudini kwangu tuongelee michezo.

Lakini ntakudokeza sasahivi usije ukakata tamaa baadae. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kama mita 3 hivi, urefu vinaweza kwenda mpaka ukachoka. Sababu ni boriti, mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka wa kubeba sakafu zaidi ya hapo. Kwahiyo mpira usahau, na msije mkavunja kuta ili mpate ukumbi, hizo kuta ndio zinazoishika nyumba isimame. Mnachoweza ni meza ya tenisi, mazoezi ya viungo ya akina mama, drafti, bao, chumba cha kubadilishia nguo, sehemu ya watoto kusoma baada ya mazoezi. Mpira uwe nje, Mnazi Mmoja ya huko Unguja ipo hatua chache na Uwanja wa Mao nao umejengwa upya kwa msaada wa China. Nyumba iwe ndio nyumba ya klabu. Kuna timu nyingi sana zina uwanja lakini hazina hata msumari wa kutundika jezi.

Hoteli sio dhambi. Ila kila nyumba ikiwa hoteli, nani atakuja kuzomea mechi?

Anko kwetu mtaani (sitaji) kulikuwa na uwanja wa wazi, leo nusu ni parking nusu ni baa. Diwani anasema atatuletea uwanja wa kisasa wa kapeti. Tufurahi? (Beki tatu mstaafu)

Furahini nusu.

Mimi nimekulia kwenye shule moja, sitaitaja, iliyokuwa na uwanja mzuri wa udongo mwekundu. Walianza kwa kupangisha kona moja kwa muuza mbao. Kona tu, hela isaidie madawati. Nilivyorudi baada ya miaka kulikuwa na fremu pande tatu, na upande wa nne walikuwa wanasubiri mpangaji. Hakuna aliyeuza uwanja. Hakuna siku ambayo mtu alisema leo tunaua uwanja. Uliondoka kona kwa kona na kila kona ilikuwa na risiti.

Kwahiyo akija diwani na kapeti, muulizeni vitu vya kuchosha. Kiwanja kimepimwa? Kwenye ramani ya mipango miji kimeandikwa nini, uwazi au biashara? Parking na baa zinalipa kodi kwa nani? Hapo mtaona watu wanakohoa. Alafu funguo atashika nani. Mimi nimeshakadiria viwanja vya kutosha, hela ya kujenga inapatikana, kuna mfadhili, kuna uchaguzi, kuna kampuni inataka jina. Ya kubadilisha taa iliyoungua mwaka wa nne haipatikani. Kapeti lenyewe linataka kupigwa brashi na kuongezewa mchanga na mpira wake ule mweusi, na miaka nane kumi hivi linakuwa limekwisha linatakiwa lingine. Mkiniambia mna kamati yenye akaunti benki na mlinzi anayelipwa nitafurahi kuliko mkiniambia mna kapeti. Udongo uliotunzwa unazidi kapeti lililochanika, beki tatu unalijua hilo, magoti yako yanalijua.

Na ratiba. Wekeni ratiba ya wasichana ukutani siku ya kwanza, kabla wakaka hawajazoea. Netiboli ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo, inaingia ndani ya uwanja wowote wa mpira mara kadhaa. Ukisubiri "wakimaliza wakaka" basi ni saa moja usiku na mama anaita. Choo pia. Uwanja bila choo ni uwanja wa wanaume, hata kama hamkuandika.

Mwalimu, mimi wa Mombasa, Mji wa Kale. Nataka tu kubadilisha dirisha la mbao niweke alumini, yani dirisha moja tu jameni, lazima nitake ruhusa? (Mwana wa Kibokoni)

Lazima. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, Makavazi ya Taifa wana ofisi yao hapohapo kwa kazi hiyo, waone kwanza. Na dirisha moja ndugu yangu ndio huwa linakuja na wenzake. Mwone seremala kabla ya muuza alumini, mara nyingi kilichooza ni ubao wa chini tu.

Shikamoo babu. Mimi nina miaka 12. Je bao la wazee kwenye baraza linahesabika kuwa mchezo? Maana dada amesema safu yako ni ya michezo na babu yangu anacheza kila siku. (Mjukuu wa Shangani)

Marahaba mjukuu wangu, swali lako nimeliweka mwisho ili nilitafune vizuri.

Linahesabika. Na hiyo baraza anayokalia babu ni sehemu ya jengo kama mlango ulivyo sehemu ya jengo, fundi aliyeijenga aliijua kazi yake: upana wa kukaa mtu mzima na bao mbele yake, kimo cha kushuka bila kuumia goti, kivuli cha saa tisa. Watu huwa wanaivunja ili pikipiki ipite. Wewe fanya hivi, chukua futi ya shuleni, pima baraza ya babu urefu, upana na kimo, chora kwenye daftari, hesabu wanakaa wazee wangapi na watoto wangapi wanaochungulia nyuma yao, alafu nitumie. Nataka kuilinganisha na benchi za zege walizotuwekea kwenye kauwanja ka huku kwetu, ambazo zimekaa juani tangu zimwagwe na sijaona mtu kakalia hata moja.